Klamidia katika Kivuli cha Kisonono

Miongoni mwa maradhi yanayoambukizwa kwa njia ya kujamiiana, klamidia ni mojawapo ya yaliyochelewa sana kupata nafasi yake katika vitabu vya tiba, ingawa Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika mwaka 2020 pekee kulikuwa na maambukizo mapya yapatayo milioni 129 kwa watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Kuchelewa huko kulitokana hasa na tabia ya bakteria mwenyewe, Chlamydia trachomatis, ambaye hawezi kuzaana nje ya seli ya kiumbe mwingine, haoti katika sahani za maabara wanamooteshwa bakteria wa kawaida, na mara nyingi huingia katika njia ya uzazi ya mwanamke akakaa humo miezi mingi bila kumletea homa, uchafu wala maumivu.

Katika mwambao wa Waswahili maumivu ya chini ya kitovu, hedhi zinazovurugika, mimba zinazoharibika na kukosa mtoto vimezoeleka kuelezwa kuwa ni chango, na tiba yake kwa vizazi vingi imekuwa mikononi mwa wakunga na waganga wa mitishamba. Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi na wasukaji wa mikeka kilichoko upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, hakina sababu ya kudhaniwa kuwa na klamidia zaidi ya mahali pengine. Kinachokihusisha na historia hii ni umbali wake na maabara, kwa kuwa mgonjwa anayehitaji zaidi ya kile ambacho zahanati inaweza kumpa sharti aende mjini Lamu, ama kwa chombo cha baharini ama kwa njia ya nchi kavu iliyozoeleka kupitwa na punda. Bakteria anayejificha ndani ya seli hupata maficho ya pili pale ambapo kipimo kiko mbali.

Historia ya kumtambua inaanzia ng'ambo ya Bahari ya Hindi, katika kisiwa cha Java, ambako mwaka 1907 Ludwig Halberstädter na Stanislaus von Prowazek walichukua ukoko kutoka macho ya wagonjwa wa trakoma, maradhi ya macho yanayoletwa na bakteria huyuhuyu, wakawapaka nyani aina ya orangutani, na baadaye wakaona chini ya hadubini vijipunje vingi vilivyosongamana ndani ya seli za macho hayo kana kwamba vimefunikwa kwa vazi, jambo lililowafanya wavipe jina linalotokana na joho la Wagiriki wa kale. Safari iliyowafikisha Java iliongozwa na Albert Neisser, aliyekwenda huko kuchunguza kaswende, na ambaye ndiye aliyekuwa amemgundua bakteria wa kisonono mwaka 1879. Hivyo tangu mwanzo klamidia ilitokea pembeni ya kazi iliyokusudiwa kwa magonjwa mengine, na kwa zaidi ya nusu karne ilibaki hapo pembeni. Kufikia mwaka 1910 watafiti wa Ulaya walikuwa wamekwisha kuona vijipunje vilevile katika macho ya watoto wachanga waliougua bila ya kuwa na kisonono, na pia katika seli za shingo ya kizazi za mama zao, yaani ule mlango mwembamba unaotenganisha uke na mji wa mimba. Uhusiano wa jicho la mtoto na kizazi cha mama ulikuwa wazi mapema kiasi hicho, lakini hakuna aliyeweza kumwotesha mdudu mwenyewe, na kwa kuwa alipenya vichujio vilivyozuia bakteria wengine, wataalamu walimhesabu kuwa kirusi.

Mwaka 1957 Tang Feifan na wenzake mjini Beijing walifanikiwa kumwotesha ndani ya kiini cha yai la kuku lenye kifaranga, na mwaka 1959 Barrie Jones, Leslie Collier na C. H. Smith wakampata mjini London kutoka katika njia ya uzazi ya mwanamke. James Moulder wa Chuo Kikuu cha Chicago alipoonyesha katika miaka ya 1960 kwamba ana ukuta na viungo vya kutengenezea protini kama bakteria wengine, ndipo alipoondolewa rasmi katika kundi la virusi.

Katika miaka hiyohiyo Afrika Mashariki ilikuwa na swali lake zito. Serikali za kikoloni zilitaka kujua kwa nini baadhi ya jamii zilizaa watoto wachache kuliko jirani zao. Audrey Richards na Priscilla Reining walifanya uchunguzi wa uzazi Buganda na Buhaya mwaka 1952. Mwaka 1962 John Blacker alichapisha uchambuzi wa tofauti za uzazi katika Zanzibar. Na mwaka 1973 O. P. Arya na wenzake walieleza hali ya kisonono vijijini Uganda wakilinganisha Teso, ambako ugumba ulikuwa mwingi, na Ankole, ambako ulikuwa mchache. Kaskazini mwa Kongo na katika Afrika ya Kati wataalamu walikuwa wakizungumzia ukanda mzima wa ugumba. Lawama zilielekezwa kwa kaswende na kisonono, na mara nyingi, kwa namna isiyo ya haki hata kidogo, kwa mwenendo wa wanawake wenyewe. Kisonono huziba mirija ya uzazi kweli, na Teso kilikuwa kimeenea zaidi, kwa hiyo hitimisho la watafiti halikukosea katika kile walichokipima. Kasoro ni kwamba bakteria wa pili, mwenye uwezo uleule wa kuiharibu mirija na ambaye mara nyingi husafiri pamoja na kisonono katika mwili mmoja, hakuwa na kipimo kilichoweza kufika vijijini. Penisilini, iliyokuwa silaha kuu ya zama hizo dhidi ya kaswende na kisonono, haikumwua sawasawa: katika maabara humzuia asigawanyike, naye huvimba na kungoja hadi dawa iondoke. Mwanamke angeweza kuambiwa kwamba amepona kisonono huku klamidia ikiendelea na kazi yake.

Namna anavyoishi ndani ya seli ndiyo inayofafanua kwa nini alifaulu kukwepa macho ya watu kwa muda mrefu. Nje ya seli yeye ni kijipunje kigumu chenye upana wa takriban maikromita 0.3, kiasi kwamba vijipunje zaidi ya 3,000 hupangwa mstari mmoja ndipo urefu wa milimita moja upatikane, na katika umbo hili hagawanyiki, kazi yake ikiwa ni kuambukiza tu. Akigusa seli ya utando wa shingo ya kizazi huidunga kwa vifaa vyembamba vya umbo la sindano na kuingiza humo protini zinazoifanya seli ikunje nyuzi zake za ndani na kummeza. Kwa desturi kitu kilichomezwa na seli hupelekwa katika vifuko vyenye vimeng'enya vya kukiyeyusha, lakini yeye hubaki ndani ya kifuko chake mwenyewe, ambacho wanabiolojia hukiita inklusheni, akapachika protini zake katika ukuta wa kifuko hicho na kukielekeza karibu na kiini cha seli, mahali ambapo hunyakua mafuta ambayo seli imeyatengeneza kwa matumizi yake. Humo hubadilika umbo, akawa mkubwa na laini, akaanza kugawanyika. Na baada ya saa 48 hadi 72 wazao wake hurudia umbo la kijipunje kigumu na kutoka, ama kwa kuipasua seli ama kwa kusukumwa nje ndani ya kifuko kilichomeguka, tayari kuvamia seli za jirani.

Mwili haukai kimya. Chembe za kinga humwaga kemikali iitwayo interferoni gama, ambayo huiamuru seli iliyovamiwa kuharibu triptofani, mojawapo ya asidi za amino ambazo bakteria huhitaji ili kujenga protini zake. Gerald Byrne na wenzake walionyesha njia hiyo mwaka 1986, na mwaka 1993 Wandy Beatty, Byrne na Richard Morrison wakaonyesha kwamba njaa hiyo isipokuwa kali vya kutosha haimwui, bali humfanya aache kugawanyika, avimbe na kuwa na umbo lisilo la kawaida huku akiendelea kunakili chembe zake za urithi, na kemikali ikiondolewa hurudia uwezo wake wa kuambukiza. Mtu wa Matondoni ataielewa hali hii akilifikiria jahazi lililopandishwa pwani wakati wa kusi kali: halisafiri wala halibebi shehena, lakini fundi hulipiga kalafati na kulipaka deheni, na bahari ikitulia hushushwa majini likabeba kama kwanza. Aina za klamidia zinazokaa katika njia ya uzazi zina akiba nyingine ambayo aina zinazosababisha trakoma, kama zile zilizochunguzwa kwa miaka mingi Kongwa nchini Tanzania, zimeipoteza. Zina kimeng'enya kinachoziwezesha kuitengeneza triptofani kutokana na indoli, kemikali inayotolewa na bakteria wengine wanaoishi ukeni. Kwa hiyo mwanamke ambaye mazingira ya uke wake yamevurugika huweza, bila ya kujua, kuwa na bakteria wanaomlisha adui ambaye kinga yake inajaribu kumwua kwa njaa.

Sehemu kubwa ya ushahidi wa hali hii ya kungoja umetoka katika seli za maabara, na wataalamu bado wanajadiliana ni kwa kiasi gani hutokea vivyo hivyo katika mwili wa mwanamke. Lisilo na ubishi ni kwamba maambukizo yasiyotibiwa hudumu: katika kundi la wanawake waliofuatiliwa nchini Colombia, asilimia 46 hivi ya maambukizo yalikuwa bado yapo baada ya mwaka mmoja, na asilimia 6 baada ya miaka minne.

Hapa ndipo Nairobi inapoingia kwa uzito katika historia ya dunia. Kuanzia mwaka 1980 Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada vilishirikiana kuchunguza magonjwa ya zinaa, na wanawake waliofanya biashara ya ngono jijini walikubali kupimwa mara kwa mara kwa miaka mingi. Kutokana na wanawake hao, Robert Brunham, Joshua Kimani, Job Bwayo na wenzao walichapisha mwaka 1996 matokeo yaliyoonyesha kwamba kuambukizwa klamidia tena na tena kunaongeza hatari ya uvimbe wa nyonga, yaani maradhi yanayopanda kutoka shingo ya kizazi hadi mji wa mimba na mirija. Mwaka 2005 Craig Cohen na watafiti waliofanya kazi na kundi kama hilo walieleza kwamba wale ambao chembe zao za kinga zilitoa interferoni gama zilipokutanishwa na protini fulani ya bakteria walielekea kuambukizwa mara chache zaidi baadaye. Kemikali ileile ambayo katika chupa ya maabara humlaza bakteria, katika miili ya wanawake wa Nairobi ilihusishwa na kinga, na watafiti wa chanjo hawana budi kulizingatia jambo hilo hadi leo. Wanawake hao hawatajwi kwa majina katika makala za sayansi, na ndivyo inavyostahili kwa usiri wao, lakini mchango wao katika elimu hii si mdogo kuliko wa maprofesa.

Kenya ilichangia pia katika kuyalinda macho ya watoto. Mwaka 1988 Marie Laga na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa Nairobi kwa watoto wachanga 2,732, ambao ulionyesha kwamba mafuta ya tetrasaiklini yanakinga dhidi ya klamidia ya macho kwa kiwango kinachokaribiana na kile cha matone ya nitrati ya fedha yaliyotumika tangu karne ya 19; na mwaka 1995 utafiti wa Hospitali ya Kikuyu, uliowahusu watoto 3,117, ukaongeza dawa ya iodini katika orodha. Leo mkunga wa zahanati ya Kenya, baada ya kumfuta mtoto na kumfunga kitovu, humvuta kope la chini na kumpaka mafuta hayo ya tetrasaiklini ya asilimia moja kutoka katika kitubu kidogo. Ni huduma njema, lakini inaudhi kuona kwamba jicho la mtoto linakingwa dhidi ya bakteria ambaye mama yake, aliyempitishia, kwa kawaida hakupimwa hata mara moja katika miezi tisa ya kliniki.

Sababu ya pengo hilo ni utaratibu wa kutibu kwa dalili, ulioenea kuanzia miaka ya 1990, ambao humruhusu muuguzi asiye na maabara kutoa dawa kwa kufuata malalamiko ya mgonjwa. Utaratibu huo umewaokoa wengi wenye kisonono, hasa wanaume, ambao usaha huwalazimisha kutafuta tiba. Kwa klamidia ya mwanamke unashindwa mlangoni, kwa kuwa asiye na dalili hana anachokilalamikia. Vipimo vya kisasa vinavyotafuta chembe za urithi za bakteria hukubali sampuli ambayo mwanamke amejichukulia mwenyewe ukeni kwa pamba, na mashine za aina ya GeneXpert, zilizoingia Kenya kwa ajili ya kifua kikuu, huweza kutoa jibu la klamidia kwa saa moja na nusu hivi. Gharama ya katriji ndiyo inayozuia, wala si ugumu wa sayansi.

Ukubwa wa haja hiyo ulidhihirika Kisumu mwaka 2023, katika utafiti wa Jenell Stewart, Elizabeth Bukusi na wenzao uliowahusu wanawake 449 wenye umri wa miaka 18 hadi 30, ambao nusu yao walipewa doksisaiklini ya kumeza baada ya kujamiiana ili kujikinga. Dawa haikuonyesha faida, na vipimo vya nywele vilibainisha kwamba wengi hawakuitumia; lakini kati ya maambukizo mapya 109 yaliyogunduliwa, 85 yalikuwa klamidia.

Anayegundulika hutibiwa kwa urahisi: doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku saba, au azithromaisini gramu moja kwa mara moja kwa mjamzito, pamoja na kumtibu mwenzake ili asimrudishie. Katika kijiji ambacho mume huweza kuwa baharini wiki kadhaa, sharti hilo la mwisho ndilo gumu zaidi, kwani mke aliyemaliza dozi huweza kuambukizwa upya siku ambayo chombo kinatia nanga, na kila maambukizo mapya huweza kuongeza makovu katika mirija isiyo mipana kuliko unyuzi wa ukili sehemu zake nyembamba. Dawa humwua bakteria lakini haiyaondoi makovu hayo, ambayo huweza kulizuia yai lililorutubishwa lisifike katika mji wa mimba, likaota ndani ya mrija wenyewe na kuupasua, na hapo mgonjwa huhitaji upasuaji wa haraka mjini Lamu, ng'ambo ya maji au mwisho wa njia ya punda.