Gladiola: Ua Lililorudi Kwao

Katika masoko ya miji ya Kenya huuzwa ua refu lenye shina moja lililosimama wima, ambalo machanua yake hufunguka kwa zamu kuanzia chini kwenda juu. Ua hilo ni gladiola. Jina lake latokana na neno la Kilatini lenye maana ya upanga mdogo, kwa sababu majani yake ni membamba na yana ncha kali. Wengi hulidhania kuwa ni ua la Ulaya lililoletwa na wageni. Dhana hiyo ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli yaweza kumpoteza mtu kama uongo mzima.

Jamii za gladiola ni zaidi ya 250, na nyingi mno asili yake ni Afrika. Zilizo nyingi kuliko zote huota kusini, katika nchi ya Rasi. Mabaharia na wakusanyaji wa mimea waliyachukua matunguu yake wakayapeleka Ulaya, na huko watunza bustani wakaanza kuzichanganya jamii hizo. Mnamo 1823 ua moja la mchanganyiko lilitolewa na Colville wa Chelsea, London. Mnamo 1841 Louis Van Houtte wa Ghent, nchini Ubelgiji, aliuza jingine lililo kubwa na imara zaidi. Mzazi wake mmoja alikuwa gladiola wa porini aotaye kutoka Afrika ya Kusini hata Ethiopia, akipita katika nchi zetu.

Afrika Mashariki nayo ilitoa sehemu yake. Katika miaka ya 1880 matunguu ya ua la manjano yalitoka milima ya Usagara, katika Tanzania ya leo, yakafika bustani ya Kew, Uingereza. Mnamo 1890 mtaalamu J. G. Baker alilipa ua hilo jina la Kilatini. Baadaye ua la namna hiyo lilionekana penye manyunyu ya Mosi-oa-Tunya, maporomoko ya mto Zambezi. Mhandisi Francis Fox, aliyehusika na daraja la huko lililofunguliwa mwaka 1905, alipeleka matunguu yake Uingereza. Jani la juu la ua hilo limeinama kama paa, likaufunika unga wa mbegu usilowe. Kwake bustani za Ulaya na Marekani zilipata rangi mpya za manjano na za machungwa.

Majina ya wapelekaji yameandikwa vitabuni. Waliolijua ua hilo kwanza, wakatumia matunguu yake kwa dawa, hawakuandikwa. Hatuna haja ya kuwanyima wageni haki yao, maana kazi ya kuchanganya mbegu yahitaji subira kubwa. Lakini haki ya mmoja haifuti haki ya mwingine.

Leo yeyote mwenye kipande cha shamba aweza kulikuza. Matunguu hupandwa penye jua na udongo usiotuamisha maji, kina cha sentimita 10 hivi, na nafasi ya sentimita 15 baina yao. Apandaye machache kila baada ya majuma mawili hupata maua kwa mfululizo. Baada ya miezi mitatu hivi shina hukatwa asubuhi, chanua la chini linapoanza kuonyesha rangi, na kutiwa majini mara moja. Mengine yatafunguka nyumbani. Majani manne au zaidi yaachwe shinani, kwani ndiyo yalishayo tunguu la msimu ujao.

Ukilifukua baadaye, utaona tunguu jipya limekaa juu ya lile la kale lililosinyaa, na vijitunguu vidogo vimelizunguka. Vipande hivyo, mwanafunzi, ni vya kupanda tena. Na atakayekuuliza ua hili latoka wapi, mwambie lilisafiri mbali, likabadilishwa mavazi, kisha likarudi kwao.