Kituo cha Mwisho

Zamani msafara ulipofika Tabora, wapagazi wengi wa pwani walimaliza kazi, na wapya waliajiriwa kwenda Ujiji.

Wachezaji gofu wa kulipwa nao wana kituo kama hicho. Mwaka 2015 wachezaji wa daraja la pili la Ulaya walizunguka nchi nyingi. Hata Nairobi walifika. Mashindano ya kufunga msimu yakafanyika Maskati, Omani, nchi ya asili ya matajiri wengi wa Tabora ya kale. Nafasi zilikuwa 45, kwa waliochuma fedha nyingi zaidi. Ricardo Gouveia wa Ureno alishinda. Hesabu ya msimu ilipofungwa, 15 tu walipandishwa daraja.

Ndugu, hesabu hufungwa siku ya mwisho, lakini mzigo hubebwa tangu siku ya kwanza. Kwaherini.