Land Cruiser ya zamani au Hilux mpya?

Kwa msafirishaji wa Manibe, jibu linategemea dizeli atakayoipata njiani.

Hilux ya lita 2.4, iliyotoka 2015, hunywa mafuta kidogo kuliko Land Cruiser ya miaka ya 1990 yenye injini ya 1HZ ya lita 4.2. Kwenye lami ya Arua–Koboko, faida ni yake.

Lakini ng'ambo ya mpaka, Kongo au Sudan Kusini, dizeli ya madumu yenye maji na uchafu huua noze zake, na vipuri ni ghali. Pampu ya 1HZ haitegemei kompyuta. Fundi wa njiani huimudu.

Ukichagua ya zamani, nunua iliyokwisha sajiliwa nchini: sheria ya 2018 ya Uganda inazuia kuingiza gari la miaka 15 au zaidi.