Gitaa Inavuma Kama Friji? Saka Hiyo Kelele Kabla Shoo Ianze

Msee, uko na shoo Watamu usiku na ampu inavuma kama friji ya duka? Usikimbilie kununua pedali. Saka chanzo kwanza.

1. Shusha volyumu ya gitaa hadi sufuri. Mvumo ukiisha, ulikuwa unaingilia kwa pikapu. Pikapu za koili moja hunasa mvumo wa stima, ambayo Kenya ni hezi 50. Geuka kidogo, ama songa mbali na ampu. Hambaka, aliyobuni Seth Lover wa Gibson 1955, ina koili mbili zinazofutiana huo mvumo.

2. Bado inavuma? Chomoa kebo kwa ampu. Ikinyamaza, cheki kebo na jeki. Huku Malindi na Kilifi hewa ya chumvi hula chuma mbio. Pangusa jeki na spiriti, ngoja ikauke.

3. Isiponyamaza, shida ni ampu ama stima. Jaribu soketi ingine, mbali na taa za dimma.

Na usiwahi kata pini ya athi ndio mvumo uishe. Stima ikivuja, itafuata nyuzi hadi kwa vidole zako. Mashabiki watasamehe kelele. Shoti haisamehi mtu.