Danieli Alipohubiriwa Nyeri

Mwezi wa Juni 1987, Askofu David Gitari wa Kanisa la Kianglikana alipanda mimbari mjini Nyeri akafungua kitabu cha Danieli, sura ya 6. Kisa chenyewe kila aliyepitia shule ya Jumapili anakijua: wakuu wa dola wanamshawishi Mfalme Dario atie sahihi amri isiyoweza kutanguliwa, kumbe shabaha yao ni mtu mmoja. Mwaka uliotangulia, Bunge la Kenya lilikuwa limemwondolea Mwanasheria Mkuu kinga iliyomlinda asifutwe kazi ovyo. Waumini waliokaa kwenye mabenchi hawakuhitaji mkalimani. Wanasiasa nao walielewa, wakamshambulia askofu kwa maneno makali.

Ninalirejea tukio hili kwa sababu siku hizi tunapolisimulia tunausifu ushujaa wa mhubiri na kusahau namna alivyohubiri. Ushujaa ulikuwepo, Aprili 1989 nyumba yake ilivamiwa usiku. Lakini Gitari hakuwa mpiga kelele. Alikuwa mfafanuzi wa maandiko, aliyekwenda aya kwa aya, na desturi hiyo ina ukoo mrefu katika Uprotestanti.

Januari 1, 1519, mjini Zürich, Ulrich Zwingli alianza kuihubiri Injili ya Mathayo tangu sura ya kwanza, akiyaacha masomo yaliyopangwa na kalenda ya kanisa. Geneva ilimfukuza John Calvin mwaka 1538. Aliporudi mwaka 1541 akapanda tena mimbari yake, akaendelea na andiko pale pale alipokuwa ameishia. Mwingine angeitumia siku hiyo kuwapa mahasimu wake vidonge vyao.

Anayefuata andiko namna hiyo hachagui mada kwa hasira zake, wala kwa ajili ya mgeni aliyeketi mstari wa mbele. Andiko humfunga yeye kwanza. Na chini ya utawala wa chama kimoja, Bunge likiwa limenywea na magazeti yakijichunga, andiko lilikuwa ngao pia. Afisa wa usalama aliyeandika mahubiri katika daftari lake angemshtaki nani, Danieli au Dario?

Tusiigeuze historia hii kuwa hadithi ya malaika. Baraza la Taifa la Makanisa lilipopinga kura ya mlolongo mwaka 1986, kanisa la Africa Inland, alikoabudu Rais Moi mwenyewe, lilijitoa katika Baraza hilo. Waprotestanti wengi waliona kwamba kuitii mamlaka, kama Paulo alivyowaandikia Warumi, kulitosha kuifunga mada. Walisoma Biblia ile ile. Walioendelea kusema walilipa: mwaka 1988 jarida la Beyond, lililotolewa na Baraza, lilipigwa marufuku baada ya kuandika juu ya wizi wa kura za mlolongo.

Siku ya Mwaka Mpya 1990, Mchungaji Timothy Njoya wa Kanisa la Presbiteri alihubiri Nairobi akizitazama serikali za Ulaya Mashariki zilizokuwa zikianguka, akahoji mustakabali wa chama kimoja barani Afrika. Agosti mwaka huo Askofu Alexander Muge wa Eldoret alikufa katika ajali ya barabarani akitoka Busia, siku chache baada ya waziri mmoja kumwonya hadharani kwamba akikanyaga huko huenda asitoke hai. Desemba 1991 kifungu cha 2A kilichokihalalisha chama kimoja kikafutwa.

Ungedhani kwamba mwanasiasa, akishapata uhuru wa kusema popote, angeiachia mimbari wenyewe. Haikuwa hivyo. Alikuja na bahasha ya harambee, akapewa kipaza sauti. Mambo yalifika mahali ambapo, Septemba 12, 2021, huko Butere, katika ibada ya kumweka wakfu Rose Okeno, mwanamke wa kwanza kuwa askofu kamili wa dayosisi ya Kianglikana nchini Kenya, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alitangaza mbele ya wanasiasa waliohudhuria kwamba hawatahutubia ibadani tena.

Nililipongeza katazo hilo na ningali nalipongeza, ila nina shaka nalo. Linataja nani asiseme. Haligusi mhubiri atasema nini. Kwa maoni yangu mwanasiasa hakuiteka mimbari iliyokuwa na mtu. Aliikuta wazi, kwa kuwa mhubiri alikwisha kuliacha andiko, akashika mada za mafanikio na ushuhuda wa magari.

Si zamani nilihudhuria ibada mahali fulani, jina nalihifadhi. Somo la siku lilikuwa Amosi, sura ya 5, ambamo nabii anawakemea wanaomkanyaga maskini na kumtoza ngano. Lilisomwa vizuri na kijana mwenye sauti safi. Mhubiri alilishukuru somo, akalifunga, akatumia dakika arobaini kutueleza jinsi ya kuivuta baraka. Mheshimiwa mmoja alikuwa mstari wa mbele. Hakuruhusiwa kuhutubia, wala hakuonekana kuwa na haja.