HUYU MAMA NI NANI? Mwili wake umeonwa dunia nzima, jina lake halijulikani

Leo mastaa tuwape mapumziko. Hivi unajua kuna mama mmoja wa Marekani ambaye madaktari wa dunia nzima wameuangalia mwili wake mpaka ndani kabisa, lakini jina lake halijawahi kutangazwa?

Kinachojulikana ni kidogo. Alikuwa na miaka 59, mkazi wa jimbo la Maryland, na mwili wake ulitolewa kwa ajili ya sayansi. Kabla yake alitangulia mwanaume mmoja, mfungwa wa Texas aliyeuawa kwa sindano ya sumu mwaka 1993. Miili yao iligandishwa, ikakwanguliwa tabaka kwa tabaka, na kila tabaka likapigwa picha. Mwanaume alitoa matabaka 1,871, kila moja milimita 1. Mama alikwanguliwa kwa theluthi ya milimita, zikatoka picha zaidi ya 5,000! Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ikaziachia picha hizo mwaka 1994 na 1995.

Sasa utamu unaanza. Watafiti wa taasisi ya INRIA kule Ufaransa wakachukua picha za mradi huo na kujenga ini la kwenye kompyuta, ili daktari ajifunze kupasua bila kumgusa mtu.

Shida ni kwamba ini si mfupa. Nenda buchani ukabonyeze ini la ng'ombe: linabonyea, linateleza, ukiachia linarudi. Kompyuta itajuaje hayo? Jamaa wakaazima hesabu za mainjinia wa ndege wa miaka ya 1950. Unakigawa kitu vipande vidogo vidogo, kila kipande kinamvuta jirani yake. Ini likawa maelfu ya piramidi ndogo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 daktari alikuwa anaweza kulisukuma kwenye skrini na kusikia mkononi likimsukuma na yeye.

Lakini lilikuwa ini la mtu mmoja tu. Na hapa ndipo namkumbuka mjomba wangu wa Kisaki.

Mjomba alipanda treni ya TAZARA kwenda Dar kupimwa. Akaambiwa ini limekuwa gumu. Filamu zake za CT scan bado ziko kwenye bahasha juu ya kabati, mwenyewe hatunaye tena. Ini gumu halibonyei kama ini zima. Ukimpasua mjomba kwa mazoea ya ini la mtu mwingine, unabahatisha.

Ndiyo maana watafiti wakahamia kwenye ini la mgonjwa mwenyewe. Umbo linatoka kwenye CT scan yake, na ugumu unaweza kupimwa kwa aina fulani ya ultrasaundi. Kisha kompyuta inakisia: tumbo likijazwa gesi wakati wa upasuaji wa matundu madogo, ini litasogea wapi, na uvimbe ulioonekana kwenye picha ya jana utakuwa wapi leo? Kwa sehemu kubwa bado ni kazi ya utafiti na mafunzo, lakini njia imeshafunguka.

Na si mbali sana na sisi. IRCAD, kituo cha Ufaransa kilichokuwa kwenye safari hii ya ini tangu zamani, kilifungua tawi lake Kigali mwaka 2023 kufundisha upasuaji wa matundu madogo. Programu ya SOFA, inayokokotoa viungo laini, inapakuliwa bure. Laptopu tunazo.

Tunachokosa ni sisi wenyewe kuwemo humo. Mwili wa yule mama ulitolewa wote. Bahasha ya mjomba imebaki juu ya kabati, inakula vumbi.

Je, wewe ungeruhusu picha za ini lako zitumike kufundishia, bila jina lako kutajwa? Tiririka hapo chini.