GEREZA LA MAUCH CHUNK: MZIMU, WACHIMBAJI NA SWALI LA DOLA

Katika mji wa Jim Thorpe, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, lipo gereza la mawe lililokamilika mwaka 1871. Wakati huo mji uliitwa Mauch Chunk. Gereza lilitumika hadi mwaka 1995, na sasa ni makumbusho. Wageni hupelekwa chumba namba 17 kuonyeshwa alama ya mkono ukutani. Husimuliwa kwamba mchimbaji wa zamani, Alexander Campbell, kabla ya kunyongwa alibandika kiganja chake pale, akaapa kuwa alama haitafutika kwa sababu hana hatia. Husimuliwa pia kwamba ukuta umepakwa rangi mara kadhaa, lakini alama hurudi.

Ndugu, mzimu huo unauza tiketi. Mwanafunzi wa historia anapaswa kuuliza: nani alimnyonga Campbell, na kwa faida ya tabaka gani?

Wachimbaji wengi wa makaa ya mawe wa eneo hilo walikuwa Wairishi, watu waliofukuzwa kwao na njaa na ukabaila. Walipangishwa nyumba za kampuni na kununua chakula katika maduka ya kampuni, hivyo ujira ulirudi ulikotoka. Mwaka 1868, wakiongozwa na John Siney, waliunda chama cha wafanyakazi. Tarehe 6 Septemba 1869 mgodi wa Avondale uliwaka moto. Kwa kuwa ulikuwa na njia moja tu ya kutokea, watu 110 walikufa.

Franklin Gowen, rais wa kampuni ya reli ya Philadelphia and Reading iliyomiliki pia migodi, aliazimia kukivunja chama hicho. Mwaka 1873 alikodi shirika la makachero la Pinkerton. Kachero wao, James McParlan, alijipenyeza miongoni mwa Wairishi kuwapeleleza walioitwa Molly Maguires, kundi la siri lililodaiwa kuua wasimamizi wa migodi. Mwaka 1875 mgomo wa kupinga kupunguzwa kwa ujira ulishindwa baada ya takriban miezi sita, na chama kikasambaratika. Kisha zikaja kesi.

Hapa ndipo penye funzo. Upelelezi ulilipiwa na kampuni. Polisi wa migodi na reli, walioruhusiwa kwa sheria za mwaka 1865 na 1866, walikuwa waajiriwa wa kampuni. Mawakili wa kampuni, akiwemo Gowen mwenyewe, waliongoza mashtaka. Wairishi Wakatoliki hawakuwekwa miongoni mwa wazee wa baraza. Serikali ilitoa ukumbi wa mahakama na kitanzi. Tarehe 21 Juni 1877 watu 10 walinyongwa kwa siku moja, 4 kati yao Mauch Chunk, Campbell akiwemo. Hadi mwaka 1879 walionyongwa walifika 20.

Lakini tusidanganyane. Mauaji yalitokea kweli. Msimamizi John P. Jones alipigwa risasi tarehe 3 Septemba 1875. Campbell hakushtakiwa kwa kufyatua risasi. Alishtakiwa kwa kushiriki katika mpango. Wanahistoria bado wanabishana nani alikuwa na hatia na nani hakuwa nayo. Jambo moja ni wazi: msimamizi aliyeuawa nafasi yake hujazwa na mwingine, unyonyaji ukaendelea kama kawaida. Bunduki ya gizani haikuongeza hata senti moja kwenye ujira. Ilimpa Gowen kisingizio cha kuwaita wachimbaji wote wauaji, na kuzika madai yao ya haki pamoja na maiti.

Mwaka 1979 gavana wa Pennsylvania alimsamehe John Kehoe, mmoja wa walionyongwa, zaidi ya miaka 100 baada ya hukumu yake. Msamaha huo haukumfufua mtu.

Basi kada anayesimulia habari ya chumba namba 17 asiishie kwenye kiganja. Awaulize wenzake: polisi analipwa na nani? Mwendesha mashtaka anatumwa na nani? Na wafanyakazi, wanacho chama, au wana hasira tu?